Mfereji wa Milimita Moja

Mama wa kibanda alinitazama nikipuliza mirija miwili kwa mpigo mmoja, uvumilivu ukamwishia. "Hiyo juisi utakunywa ama umekuja kuichezea?" Nilikuwa nimeketi kando ya Barabara ya Uganda hapa Eldoret, mahali malori ya mafuta yanayoelekea mpakani Malaba hupita usiku na mchana. Mezani palikuwa na pakiti mbili za juisi, mirija yake miwili myembamba na kikombe cha maji.

Jaribio lenyewe ni la mtoto wa shule. Ingiza tone la maji ndani ya mrija mmoja, likae katikati kama kizibo. Mrija wa pili uache mkavu. Itie yote miwili mdomoni, upulize polepole. Pumzi yote inatokea kwenye mrija mkavu. Tone katika ule mwingine halitikisiki. Sasa uzibe mrija mkavu kwa kidole, upulize tena. Tone linachomoka kama risasi. Langu lilitua kwenye chapati ya mteja wa meza ya pili, nikaomba radhi.

Kwa tone kama hilo, gari la mamilioni ya shilingi linaweza kuishiwa nguvu mlimani. Ndiyo maana nilikuwa pale nikijitia aibu mbele za watu.

Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la Tabianchi la Afrika. Tangu siku hizo neno haidrojeni limezoeleka katika hotuba. Mkakati unaanza na mbolea, na hapa Uasin Gishu hakuna atakayenung'unika: wakulima wa mahindi na ngano huifuatilia bei ya mbolea kama wengine wanavyofuatilia matokeo ya mpira. Umeme wa jotoardhi wa Olkaria, au wa jua na upepo, unatenganisha maji. Haidrojeni inayopatikana inaunganishwa na naitrojeni ya hewani, inakuwa amonia, na amonia inakuwa mbolea. Hiyo ni safari ya kwenda. Haidrojeni ina safari nyingine ya kurudi, isiyozungumzwa sana: kukutanishwa tena na oksijeni na kutoa umeme bila moto wala moshi, mabaki yake yakiwa maji matupu. Chombo kinachofanya kazi hiyo ni seli ya haidrojeni.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko injini ya petroli. Mwaka 1839 William Grove, mzaliwa wa Wales aliyekuwa mwanasheria na mwanasayansi kwa pamoja, alionyesha kwamba gesi hizo mbili zikikutanishwa kwenye vipande vya platini hutoa umeme. Kwa zaidi ya karne moja likabaki jambo la maabara. Anga za juu ndizo zilizolipatia kazi. Mwaka 1965 chombo cha Marekani cha Gemini 5 kiliruka na seli za haidrojeni badala ya kutegemea betri peke yake, na baadaye wanaanga wa Apollo walikunywa maji yaliyotoka kwenye seli zao. Kwa msafiri aendaye mwezini, maji hayo yalikuwa baraka. Kwa dereva wa lori ni baraka yenye masharti, kama tutakavyoona.

Tuipasue seli moja tutazame ndani. Katikati kuna utando mwembamba wa plastiki maalumu, mara nyingi mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Utando huo unaruhusu protoni zipite na kuzizuia elektroni. Kila upande wake umepakwa kichocheo chenye chembechembe za platini. Juu ya kichocheo pana karatasi ya kaboni yenye vitundu visivyohesabika. Na juu ya karatasi hiyo, pande zote mbili, kuna bamba la grafiti au la chuma lililochongwa mifereji. Haidrojeni huingia kwenye mifereji ya upande mmoja, hewa kwenye mifereji ya upande wa pili. Haidrojeni inavuliwa elektroni zake. Protoni zinakatiza utando, elektroni zinazungushwa nje kupitia waya, na safari hiyo ya nje ndiyo umeme wetu. Upande wa pili zote zinakutana na oksijeni, maji yanazaliwa.

Seli moja kinadharia ingetoa volti 1.23. Ikifanya kazi kweli hutoa 0.6 au 0.7. Kwa hiyo seli hupangwa kwa mamia, bamba juu ya bamba, kama chapati kwenye hotipoti, hadi volti zitoshe kuendesha mota. Gari la Toyota Mirai la kwanza, lililoanza kuuzwa Japani Desemba 2014, lilikuwa na seli 370. Na kwa kuwa umeme unapita kutoka seli hadi seli kwa foleni, seli moja iliyodhoofika inazikwamisha nyingine zote.

Magazeti yakiandika habari za seli hizi huzungumzia platini, kwa sababu ni ghali, au utando, kwa sababu ni wa ajabu. Mimi naona bamba limeonewa. Lina kazi nyingi kuliko vyote: ligawe gesi sawasawa kila pembe, lipitishe umeme, lichukue joto, litoe maji nje, na liwe jembamba ili gari lisibebe mzigo wa bure. Mtu aliyewahi kushika jembe ataelewa shida yake haraka. Bamba ni shamba la mifereji na matuta. Mfereji, wenye upana wa milimita moja hivi, unabeba gesi. Tuta lililo kati ya mifereji miwili linagusana na karatasi ya kaboni na kupitisha umeme. Ukipanua mifereji, gesi inaifikia karatasi vizuri lakini umeme unakosa pa kupita. Ukipanua matuta, umeme unapita kwa raha lakini sehemu ya kichocheo iliyo chini ya tuta inakosa hewa, na maji yanajikusanya humo kama maji ya mvua chini ya sakafu ya nyumba. Wahandisi wanavutana juu ya sehemu za kumi za milimita, na si kwa ukaidi.

Kisha linakuja swali la ramani: mifereji ipitie wapi?

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuipanga sambamba, kama mistari ya daftari. Hewa inaingia upande mmoja, inagawanyika kwenye mifereji 20, inatoka upande wa pili. Njia ni fupi, upinzani ni mdogo, kompresa inayosukuma hewa haichoki. Kasoro yake niliionyesha kwa mirija ya juisi. Tone moja likiziba mfereji mmoja, hewa haina sababu ya kuhangaika nalo. Inahamia kwenye mifereji 19 iliyobaki. Tone halisukumwi, linaongezeka, na eneo lote lililo chini ya mfereji ule linakufa kwa kukosa pumzi.

Njia ya pili ni ya nyoka. Mfereji mmoja tu unakwenda na kurudi, unakata kona na kurudi tena, mpaka umelipitia bamba zima. Mpango huu ulipata umaarufu miaka ya mwanzo ya 1990 kupitia kampuni ya Ballard ya Kanada, na hadi leo ndio kipimo ambacho watafiti hulinganishia vitu vyao vipya. Hapa tone halina pa kujificha: hewa yote inapita mlango mmoja, kwa hiyo kila tone litasukumwa litake lisitake. Tena kuna faida isiyoonekana kwa macho. Kwa kuwa shinikizo katika mkono mmoja wa nyoka ni kubwa kuliko katika mkono unaofuata, hewa kidogo hutoroka kwa kupenya kwenye karatasi, chini ya tuta, na kuyafagia maji yaliyojibanza pale.

Gharama ya nyoka ni pumzi. Tufanye hesabu, ni nyepesi. Bamba ni lile lile na mifereji 20. Ukiiunganisha kuwa nyoka mmoja, hewa iliyokuwa imegawanywa kwa 20 sasa yote inapita njia moja, kwa hiyo kasi ni mara 20. Urefu wa njia nao ni mara 20. Katika vijifereji vyembamba namna hii upinzani hupanda kwa kasi na kwa urefu, kwa hiyo unazidisha: mara 400, kabla hujahesabu kona. Nguvu ya kusukuma hewa hiyo inatoka kwenye umeme ule ule ambao seli imeutoa. Ni kama mwajiri anayekulipa mshahara kisha anakudai nauli ya kuja kazini. Ndiyo maana wengi huchora nyoka wanne au watano wanaotambaa pamoja. Kwa nyoka wanne kwenye bamba letu la mifereji 20, hesabu inashuka kutoka 400 hadi 25. Nusu ya ufundi wa mabamba ni biashara ya namna hii, kutoa hapa na kupokea pale.

Iko njia ya tatu, ya ukali kidogo: mifereji ya kuingilia inazibwa mwisho wake, na ya kutokea inazibwa mwanzo wake, vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mkono mwingine. Hewa ikifika mwisho haina njia ila kupenya kwenye karatasi ya kaboni ili ifikie mfereji wa jirani. Inafanya kazi vizuri sana kwa kufukuza maji, na inaichosha kompresa kwa kiasi hicho hicho.

Niliposoma habari za mifereji hii kwa mara ya kwanza, akili yangu haikwenda Japani wala Kanada. Ilikwenda kilomita chache mashariki ya hapa, ukingoni mwa Bonde la Kerio. Ukitoka Eldoret ukapita Iten, nchi inakatika ghafla mbele ya miguu yako. Kwenye mteremko huo, upande wa Marakwet, watu wamechimba na kutunza mifereji ya umwagiliaji kwa karne kadhaa. Mikubwa ni zaidi ya 40. Inachota maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu, inayapitisha kwenye kingo za miamba juu ya mawe na magogo, na kuyafikisha kwenye mashamba ya bondeni ambako mvua ni ya kubahatisha. Maji hugawanywa kwa zamu kati ya koo, na kutengeneza mfereji uliobomoka, kwa mila, ilikuwa kazi ya wanaume. Aliyeanza kuchimba hakuwa na karatasi ya michoro, lakini maswali yake yalikuwa yale yale ya mhandisi wa bamba. Mteremko uwe mkali kiasi gani ili maji yasilale na kuacha tope, wala yasikimbie na kula kingo? Shamba la mwisho lipate kiasi gani wakati la kwanza limeshakunywa?

Shamba la mwisho ndilo linalonigusa. Katika seli, hewa ikiingia mfereji huwa na oksijeni tele na ukavu. Ikielekea mwisho, oksijeni imeliwa njiani na unyevu umejaa. Mwanzo wa mfereji utando unakauka na kukataa kupitisha protoni. Mwisho wake umefurika. Seli moja, saa moja, ina kiangazi upande huu na mafuriko upande ule. Na upande wa haidrojeni njaa ni hatari zaidi: sehemu ya kichocheo ikikosa haidrojeni huku umeme ukiendelea kudaiwa, seli huanza kuila kaboni yake yenyewe ili ilipe deni. Uharibifu huo haurudi nyuma.

Maji yenyewe ni kiasi gani? Kila kilo moja ya haidrojeni hutoa kilo 9 za maji. Kwa seli yenye ukubwa wa sentimita 10 kwa 10 inayotoa ampea 100, yapata wati 65, ni gramu 33 hivi kila saa. Vijiko saba vya chai. Unaweza kusema ni kidogo, lakini ukumbuke vinapita kwenye mifereji ya milimita moja, na kuna mamia ya seli. Kwenye Gemini, ambako matone hayaangukii chini kwa kuwa hakuna chini, maji yalifyonzwa kwa tambi, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa.

Toyota walilishughulikia tatizo hili kwa gharama kubwa. Kwenye Mirai ya kwanza upande wa hewa haukuwa na mifereji ya kawaida. Waliweka wavu mwembamba wenye vijikinga vingi, kila kijikinga kikiisukuma hewa chini kwenye karatasi na kuyavuta maji juu. Ulisifiwa dunia nzima. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2020 wavu ule haukuwamo. Walirudi kwenye mifereji, safari hii iliyobanwa hapa na pale ili hewa ishtuke na kuingia karatasini, na seli zikapungua hadi 330 huku nguvu ikipanda kutoka kilowati 114 hadi 128. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu moja: kampuni yenye fedha zote zile ilikitupa kitu kilichosifiwa na kurudi kwenye mtaro uliobanwa.

Wengine wametazama miili ya viumbe. Majani ya mti hugawa maji kwa mishipa inayopungua unene kila inapogawanyika. Mapafu ya binadamu hugawanyika mara 23 kutoka koo hadi kwenye vifuko vya mwisho, na yana siri nzuri: huko juu hewa inasukumwa, lakini ikifika kwenye vitawi vidogo kusukumwa kunakoma, inajienea yenyewe polepole, na kazi ya kupumua inakuwa nyepesi. Mwaka 2018 watafiti wa University College London, UCL, walichapisha muundo wa bamba ulioiga mpangilio huo, kila tundu la mwisho likiwa umbali sawa kutoka mlango wa kuingilia. Hakuna shamba la kwanza wala la mwisho. Wote wanapata zamu moja.

Kwa mji huu, mapafu si mfano wa kitabuni. Wakimbiaji wanatoka pembe zote za dunia kuja kuhema Iten na Eldoret kwa sababu hewa ni nyembamba, damu ijifunze kuihangaikia oksijeni. Seli ya haidrojeni nayo inapumua, ila haijifunzi. Haiongezi damu. Ikiletwa hapa kutoka kiwanda kilicho kando ya bahari, itahema siku ya kwanza na itahema siku ya mia moja.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mpishi wa githeri anajua maana yake: maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi na maharagwe yanakawia kuiva. Shinikizo la hewa Mombasa ni kilopaskali 101. Hapa ni 78 na kitu. Wengi wangesema basi oksijeni imepungua kwa asilimia 22 na yakaisha. Ndani ya seli hayaishi hapo. Seli za aina hii hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi, na katika joto hilo mvuke wa maji peke yake, hewa ikiwa imeshiba unyevu, unadai kilopaskali 47. Mvuke haujali uko Mombasa au Eldoret. Unachukua fungu lake kwanza, kama karo ya shule. Mombasa zinabaki 54 za kugawana gesi nyingine, hapa zinabaki 31. Oksijeni ikichukua sehemu yake ya tano, utaona imepungua si kwa 22 bali kwa zaidi ya 40 katika kila 100. Hiyo ni kama kompresa haiongezi shinikizo. Ikiongeza, inakula umeme zaidi.

Na mifereji inahisi. Hewa ikiwa nyembamba, uzito ule ule wa oksijeni unahitaji hewa ya ujazo mkubwa zaidi, kwa karibu asilimia 30. Ndani ya mfereji ule ule itapita kwa kasi zaidi na kudai shinikizo kubwa zaidi kuisukuma. Nyoka aliyekubalika Mombasa anakuwa mzigo hapa. Kasi hiyo ina upande wake mzuri, kwani inafukuza matone, tena hewa nyembamba hubeba mvuke mwingi ikitoka. Kwa hiyo adui anabadilika. Pwani unahofia mafuriko. Hapa unahofia kukauka kwa utando.

Weka hayo kwenye lori. Barabara inayoanzia bandarini Mombasa na kuishia Malaba inapanda kutoka usawa wa bahari, inapita Nairobi na Nakuru, inapanda hadi Timboroa kwenye mita zinazokaribia 2,750, kisha inashuka kuja huku. Bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret mwaka 1994 na malori ya mafuta ya Uganda yakapata mahali pa kupakilia karibu na kwao, lakini mizigo mingine bado inatoka Mombasa kwa magurudumu. Lori la haidrojeni kwenye njia hiyo lingeanza safari katika joto na unyevu wa Changamwe, Mombasa, mifereji yake ikipigana na matone, na kesho yake jioni lingepanda Timboroa likiwa na mzigo wote, ambapo shinikizo la hewa limeshuka hadi kilopaskali 72, mota ikidai umeme wa juu kabisa wakati hewa iko kidogo kabisa. Bamba ni lile lile. Huwezi kulibadilisha njiani pale Salgaa kama gurudumu.

Sisemi malori hayo yako mlangoni. Bei ya haidrojeni, matangi ya kuihifadhi kwa shinikizo kubwa na vituo vya kujazia ni vikwazo vitatu ambavyo mfereji mzuri hauviondoi, na kwa pikipiki za boda na teksi za mjini betri imeshatangulia. Ninaloliona ni dogo zaidi. Katika vipande vyote vya seli, platini hatuna, kiwanda cha utando hatuna, na hatutakuwa navyo karibuni. Mfereji ni jambo jingine. Programu huria za kukokotoa mikondo, kama OpenFOAM, hazina ada. Bamba la grafiti huchongwa kwa mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya uhandisi huko Kesses, na kina kituo cha umahiri kilichoanzishwa kwa mradi wa Benki ya Dunia ambacho kwa jina lake kinaunganisha kemikali za mimea, nguo na nishati jadidifu. Niliwahi kulicheka jina hilo, nikidhani ni mseto wa wafadhili. Kisha nikakumbuka kwamba badala ya karatasi ya kaboni baadhi ya seli hutumia kitambaa cha kaboni, kitu kilichofumwa, na kwamba chuo hicho hicho ndicho kilichokinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex hapa mjini. Kicheko kikaniishia.

Na maabara ya hewa nyembamba tunayo bure. Mtafiti wa Ulaya anayetaka kujua bamba lake litafanyaje kwenye mita 2,100 hulifungia kwenye chumba kinachonyonywa hewa kwa pampu. Hapa anafungua dirisha.

Nilimweleza mama wa kibanda sehemu ya haya, si yote, kwa kuwa saa ya chakula cha mchana ilikuwa inakaribia. Alisikiliza huku akigeuza chapati. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akachukua mirija miwili mipya, akatia tone kwenye mmoja kama nilivyofanya mimi, akapuliza. Tone likatulia. Sikumwambia azibe ule mwingine, na hakuuziba. Aliubana nusu tu kwa kidole gumba na cha shahada, akapuliza tena taratibu. Tone likaanza kutembea, likafika mwisho, likadondoka bila haraka kwenye kikombe, na mirija yote miwili ikawa inatoa pumzi.

Aliitazama kidogo, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Juisi mbili ni sitini," akasema. "Na ile chapati ya yule kijana uliyoimwagia maji, pia hiyo utalipa."